Mchezo wa Pinboli, na Sababu za Wageni Wake Kutodumu

Katika miji ya Marekani na ya Ulaya uko mchezo mmoja uitwao pinboli. Mchezo huu hauchezwi uwanjani, wala hauhitaji watu wengi. Huchezwa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya sanduku kubwa lenye miguu minne. Zamani sanduku hilo lilionekana karibu kila mahali penye watu: madukani, katika mikahawa, katika vilabu vya pombe na katika vituo vya safari. Siku hizi mtu aweza kukaa mwaka mzima katika mji mkubwa asilione hata moja. Tena wengi wanaolijaribu hucheza mara moja au mbili, kisha huenda zao wasirudi.

Jambo hili ni la kushangaza, maana mashine za pinboli hazikuacha kuundwa, na zinazoundwa sasa ni nzuri kuliko za zamani. Taa zake ni nyingi zaidi, sauti zake ni safi zaidi, na kazi ya mafundi wake ni ya ajabu. Hata hivyo wachezaji wapya ni wachache, na wanaodumu ni wachache zaidi. Ili kuifahamu sababu, yafaa kwanza kuijua mashine yenyewe.

Jinsi mashine ilivyo

Juu ya sanduku kuna ubao uliolala kama meza, nao umefunikwa kioo. Ubao huo haukulala sawasawa. Umeinama kidogo kumwelekea mchezaji, kiasi cha digrii sita na nusu hivi. Juu yake hukimbia gololi ya chuma yenye upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80. Kwa kuwa ubao umeinama, gololi hutaka sikuzote kurudi chini, na mchezo wote ni kuizuia isirudi.

Mchezaji hutia sarafu, kisha huvuta fimbo fupi iliyo upande wa kulia. Fimbo hiyo ina kamani, yaani springi, na akiiachilia huipiga gololi ikapanda mpaka juu. Kutoka huko hushuka ikigonga vinguzo vyenye mpira, ikipita katika vichochoro, na kupanda vidaraja vidogo. Kila inapogonga kitu, taa huwaka, kengele hulia, na hesabu ya pointi huongezeka.

Chini kabisa, karibu na mchezaji, kuna vibao viwili vyenye urefu kama wa kidole, navyo huitwa flipa. Kimoja huongozwa na kifungo kilicho ubavuni mwa sanduku upande wa kushoto, na cha pili na kifungo cha kulia. Mchezaji akibonyeza kifungo, sumaku ya umeme hukivuta kibao kwa nguvu, nacho huipiga gololi irudi juu. Lakini kati ya vibao hivyo pana nafasi, na pembeni pana vichochoro viwili vingine. Gololi ikipita hapo, imepotea. Aghalabu mtu hupewa gololi tatu, na ya tatu ikipotea mchezo umekwisha.

Mchezaji anaruhusiwa pia kulisukuma sanduku kidogo kwa mikono ili kuigeuza njia ya gololi. Asisukume mno, maana ndani yake huning'inia timazi ndogo katikati ya pete ya chuma. Sanduku likitikiswa kwa nguvu, timazi hugusa pete, umeme wa vibao hukatika, na gololi huanguka pasipo wa kuiokoa. Chombo hicho kilibuniwa na Mmarekani mmoja, Harry Williams, katika miaka ya 1930, kwa sababu watu walizoea kuinua na kupiga mashine ili wapate pointi kwa hila.

Asili ya mchezo

Asili ya pinboli ni mchezo wa Ufaransa uitwao bagatelle, uliochezwa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Watu walisukuma gololi kwa fimbo juu ya meza, wakitaka iingie katika mashimo yaliyozungukwa na vipini vya chuma. Katika mwaka wa 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyekaa Cincinnati katika Marekani, alipata hati ya serikali kwa mabadiliko aliyoyafanya katika meza hiyo. Katika meza yake fimbo ya kamani ilichukua mahali pa fimbo ya mkononi.

Miaka sitini baadaye, yaani mwaka wa 1931, David Gottlieb wa Chicago aliunda sanduku dogo aliloliita Baffle Ball. Siku hizo Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya fedha, na watu wengi hawakuwa na kazi. Kwa senti moja tu mtu aliweza kujiburudisha kidogo na kusahau taabu zake. Masanduku kama 50,000 yakanunuliwa. Mwaka uliofuata Raymond Moloney, wa mji ule ule, aliunda jingine lililoitwa Ballyhoo, na kampuni yake ikapata jina la Bally kwa ajili ya sanduku hilo. Tangu hapo Chicago ukawa mji mkuu wa pinboli duniani.

Lakini masanduku hayo ya kwanza hayakuwa na flipa. Mchezaji alivuta fimbo, na baada ya hapo aliweza kusukuma sanduku kidogo tu na kutazama. Kwa hiyo watu wengi walisema ya kwamba pinboli si mchezo wa ustadi, bali ni kamari. Mmoja wao alikuwa Fiorello La Guardia, meya wa New York. Mwaka wa 1942 mji wake uliukataza mchezo huo, na polisi wakakamata maelfu ya mashine. Meya mwenyewe alipigwa picha akizivunja kwa nyundo kubwa.

Mwaka wa 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, kazi ya fundi Harry Mabs. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwa na flipa, nazo zilikuwa sita, tatu kila upande. Mwaka uliofuata fundi mwingine, Steve Kordek, aliweka mbili tu chini ya ubao, na mtindo huo unafuatwa hata leo. Sasa mchezaji aliweza kulenga, na mchezo ukawa wa ustadi. Hata hivyo marufuku ya New York yalidumu miaka mingi baada ya hapo.

Mwisho wake ulikuja mwaka wa 1976. Kijana mmoja mwandishi wa magazeti, Roger Sharpe, aliitwa mbele ya madiwani wa mji ili aonyeshe kama mchezo huu ni bahati au ni ustadi. Akacheza huku akiwaambia mapema mahali atakapoipeleka gololi. Mwishowe akashika fimbo, akasema ya kwamba gololi itapita katika njia ya katikati, akaiachilia, na gololi ikapita papo hapo. Madiwani waliridhika, na marufuku yakaondolewa.

Habari hii ya meya na ya kijana yafaa kukumbukwa, maana ndani yake mna ufunguo wa jambo lote. Mashine ni ile ile. Mmoja aliiona bahati, na mwingine aliuona ustadi. Tofauti yao ni hii, kwamba mmoja alitazama tu, na mwingine amefundisha mikono yake. Hata leo mgeni anayesimama mbele ya pinboli kwa mara ya kwanza huona kama alivyoona meya.

Dakika za kwanza

Mgeni hutia fedha yake. Gololi hupanda, hugonga huku na huku kwa kelele nyingi, kisha huja chini kwa kasi. Mgeni hushtuka akabonyeza vifungo vyote viwili kwa pamoja, tena na tena. Vibao vyote vikiwa juu, nafasi iliyo kati yao huwa pana zaidi, na gololi hupita pale pale. Huvuta fimbo tena, na gololi ya pili hupotelea pembeni, mahali ambapo kibao hakifiki. Ya tatu huja moja kwa moja katikati. Mara nyingi dakika mbili au tatu hazijapita, na fedha yake imekwisha. Naye hajui alilokosa.

Mtu anayejua hafanyi hivyo. Gololi ikimjia, hukiinua kibao kimoja na kukishikilia, mpaka gololi itulie mgongoni mwake kama mtoto aliyebebwa. Hapo hupumua, hutazama taa, na kuchagua mahali pa kulenga. Kisha hukiachia kibao, huiacha gololi iteremke polepole, na huipiga inapofika mahali pake: karibu na ncha ili iende upande mmoja, karibu na shina ili iende upande mwingine. Hubonyeza kifungo kimoja tu kwa wakati wake. Gololi ikielekea pembeni, hulisukuma sanduku kidogo sana, na hiyo yatosha kuigeuza.

Maarifa haya si magumu kuelezwa. Kushikilia gololi juu ya kibao mtu aweza kuonyeshwa kwa muda mfupi. Lakini mashine yenyewe haisemi neno juu yake. Mgeni aliye peke yake hawezi kuyabuni katika dakika tatu, naye akiondoka huondoka na fikira ya kwamba mchezo huu ni bahati tupu. Tena mtu akiisha kuamini kwamba jambo ni la bahati, haoni sababu ya kujizoeza. Nani atajitaabisha kujifunza kitu ambacho aonavyo hakina cha kujifunza?

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki watu hucheza bao, nalo ni mchezo mgumu kwa mtu asiyeufahamu. Lakini mtoto hajifunzi bao peke yake. Huketi kando ya wazee wakicheza, hutazama mikono yao ikigawa kete, na akikosea babu yake humwambia, "Rudisha, mjukuu wangu, uhesabu tena." Hakuna anayemlipisha fedha kwa kila kosa. Pinboli ni kinyume chake. Mtu hucheza akiwa amewapa wengine mgongo, kelele ni nyingi, na kila kosa lina bei yake.

Sheria zisizoonekana

Shida ya pili ni sheria. Katika mashine za kale sheria zilionekana wazi. Ubao ulikuwa na picha tano au sita za kugonga, na kila moja iliandikwa pointi zake. Lakini tangu kompyuta ndogo zilipotiwa ndani ya mashine katika miaka ya 1970, mafundi waliweza kuficha ndani yake sheria nyingi mno. Siku hizi mashine moja huwa kama hadithi yenye sura nyingi. Yambidi mchezaji apige kidaraja fulani mara tatu ili taa fulani iwake, kisha aingize gololi katika shimo fulani, ndipo zije gololi tatu au nne kwa pamoja, na katika muda huo mapigo mengine huleta pointi maradufu.

Maelezo ya mambo hayo yapo katika kikaratasi kilicho chini ya kioo, nayo ni mafupi mno, na mengine huandikwa katika kioo cha picha kilicho mbele. Lakini mgeni atayasomaje? Macho yake hayawezi kuiacha gololi hata nukta moja, maana akiyainua tu imekwisha kupotea. Basi mambo mazuri kuliko yote ya mashine, yale ambayo mafundi waliyashughulikia kwa miezi mingi, mgeni hayaoni. Yeye huona gololi inayokimbia, taa zinazowaka pasipo maana, na hesabu kubwa ambayo hajui kama ni ya sifa au ya aibu.

Je, kwa nini mafundi walifanya hivyo? Waliwasikiliza wale waliodumu. Bingwa aliyecheza miaka ishirini huchoka upesi na jambo jepesi. Hutaka jipya na gumu. Mafundi wakampa. Mwaka uliofuata akataka gumu zaidi, nao wakampa tena. Kila mashine ikawapendeza mabingwa kuliko ile iliyotangulia, na mlango wa wageni ukazidi kuwa mwembamba. Wahenga walisema, akili nyingi huondoa maarifa.

Mshindani mpya

Katika siku hizo hizo alitokea mshindani. Mwaka wa 1978 Wajapani walitoa mchezo wa video uitwao Space Invaders, na mwaka wa 1980 wakatoa Pac-Man. Michezo hiyo haikuwa na gololi wala sumaku. Ilikuwa picha tu katika kioo. Ikaenea duniani kama moto wa nyika, na mashine nyingi za pinboli zikaondolewa ili kuipisha.

Michezo ya video ilikuwa na faida tatu juu ya pinboli. Ya kwanza, mgeni aliifahamu upesi. Katika Pac-Man aliona mdomo unaokula na mazimwi yanayoufukuza, na hakuhitaji mwalimu. Ya pili, michezo mingi kati ya hiyo ilirudia mambo yale yale. Mtu aliyeshindwa mahali fulani alipafikia tena, akakumbuka hatari yake na kuiepa, na kwa hiyo alijiona akiendelea. Gololi ya chuma hairudii njia yake hata mara moja, na mchezaji huanza kila mchezo bila pointi hata moja. Maendeleo yake yapo, lakini yapo mikononi mwake, wala hayaonekani upesi. Ya tatu, michezo ya video haikuharibika mara kwa mara, maana ndani yake mlikuwa na vitu vichache vinavyotembea.

Hili la tatu ni kubwa. Mashine ya pinboli ina maelfu ya vipande, na kati ya hivyo gololi nzito hupigapiga mchana kutwa. Mipira hukatika, taa huzimika, nyaya huachana, sumaku za vibao hupoteza nguvu. Yahitaji kufunguliwa na kusafishwa kila mara na fundi aijuaye. Tena kibao kilichochoka hakina alama. Bingwa hukitambua kwa mapigo mawili, lakini mgeni hudhani kwamba kosa ni lake. Hulenga kidaraja, gololi hupanda nusu na kurudi, hulenga tena ikarudi tena, naye husema moyoni, "Mchezo huu si wangu." Kumbe hata bingwa asingeweza kuipandisha kwa kibao kile.

Hesabu ya mwenye mashine

Lipo pia jambo la fedha. Siku hizi mashine mpya ya bei ya chini katika Marekani huuzwa kwa dola 7,000 hivi, na nyingine ni ghali zaidi sana. Tuseme kila mchezo hulipiwa dola moja. Kama fedha yote ni ya mwenye mashine, yambidi apate michezo 7,000 kabla ya kurudisha bei yake. Lakini mara nyingi mashine huwekwa katika duka au mkahawa wa mtu mwingine, na mwenye mahali hupewa sehemu yake. Kama sehemu hiyo ni nusu, michezo itakuwa 14,000, na ujira wa fundi bado haujatolewa.

Kwa sababu hiyo mwenye mashine hapendi mchezo mmoja udumu dakika ishirini. Hutaka uishe upesi ili sarafu nyingine iingie. Basi wengine huzidi kuinamisha ubao, ili gololi ikimbie zaidi. Wengine hupanua vichochoro vya pembeni ili ipotee kwa urahisi. Bingwa bado atacheza, maana mikono yake inaweza. Anayeumia ni mgeni. Mwenye mashine hupata sarafu moja upesi leo, na kumpoteza mtu ambaye angemletea sarafu mia katika miaka iliyo mbele.

Hivyo mambo haya hushikana kama pete za mnyororo. Wachezaji wakipungua, mapato hupungua. Mapato yakipungua, mashine hazitengenezwi vema, na mwishowe huondolewa. Mashine zikiondolewa, vijana hawazioni tena, na asiyeona hatamani. Kisha wachezaji hupungua zaidi.

Mnyororo huo uliwaangusha wakubwa. Mwaka wa 1992 mashine iliyoitwa The Addams Family, kazi ya Pat Lawlor, iliuzwa zaidi ya 20,000, na watu walidhani kwamba siku njema zimerudi. Lakini mwaka wa 1996 kiwanda kilichokuwa kikiendeleza jina la Gottlieb kilifungwa, na mwaka wa 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliacha kuunda pinboli. Kwa miaka kama kumi iliyofuata ilibaki kampuni moja tu ya maana duniani, ile ya Gary Stern katika jimbo la Illinois.

Katika siku hizo watu wengi waliijua pinboli kwa sura yake tu. Kompyuta zenye Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, zilikuwa na mchezo mdogo wa pinboli ndani yake, na kwa njia hiyo watu wa nchi nyingi wasiowahi kuona mashine yenyewe walicheza mfano wake. Lakini mfano ule haukuwa na uzito wa gololi wala mtikisiko wa sanduku mikononi. Katika Windows Vista ya mwaka wa 2007 haukuwamo tena.

Wanayofanya wapenzi wa mchezo

Pinboli haikufa. Baada ya mwaka wa 2010 makampuni mapya yalianza, kama ile ya Jersey Jack iliyotoa mashine yake ya kwanza mwaka wa 2013. Lakini sehemu kubwa ya mashine mpya sasa hununuliwa na watu wenye mali na kuwekwa nyumbani mwao. Jambo hilo huwasaidia wenye viwanda, wala haliwasaidii wageni, maana mashine iliyo chumbani mwa mtu haionwi na mpita njia.

Kwa hiyo wanaoupenda mchezo huu wamefikiri njia za kuufungua mlango. Mafundi wamefanya gololi inayopotea katika sekunde za kwanza irudishwe bure, ili mgeni asiadhibiwe kabla hajaanza. Mahali pengine, kama katika jumba la makumbusho ya pinboli lililo Alameda, California, mtu hulipa mara moja mlangoni, kisha hucheza apendavyo bila sarafu. Hapo kosa halina bei, na mtu aweza kujaribu kushikilia gololi mara hamsini mpaka aweze. Tangu mwaka wa 2021 kampuni ya Stern imewawezesha wachezaji kujiandikisha kwa simu zao, na mashine huwawekea kumbukumbu ya mambo waliyoyatimiza. Hivyo maendeleo yaliyokuwa yamefichika mikononi sasa huonekana kwa macho.

Njia nyingine ni vyama vya wachezaji. Katika miji mingi watu hukutana jioni moja kwa juma, wakagawanyika vikundi vya watu watatu au wanne, na kila mmoja hucheza kwa zamu yake. Anayengoja zamu husimama kando ya anayecheza. Hapo ndipo mgeni anapoona kwa mara ya kwanza gololi ikitulia juu ya kibao kilichoinuliwa, naye huuliza, "Umefanyaje?" Akijibiwa kwa upole, mara nyingi hurudi juma lifuatalo. Akichekwa, au bingwa akimpa mgongo, harudi.

Hakuna taa wala sauti iliyobuniwa Chicago iwezayo kufanya kazi ya jibu hilo. Madiwani wa New York hawakubadili mawazo yao kwa kupewa mashine nzuri zaidi, bali kwa kuwa mtu anayejua alisimama mbele yao akawaonyesha. Mgeni wa leo naye ahitaji jambo lile lile. Amwone mtu akilenga na kupata, kisha apishwe mahali pake, aambiwe, "Inua kibao kimoja tu, ukishikilie. Sasa ngoja."